Uboreshaji wa Kompyuta ya Mezani: Maana ya Istilahi na Matumizi Yake kwa Mwenye Bajeti Finyu

Uboreshaji wa kompyuta ni kitendo cha kubadilisha au kuongeza kiungo kimoja au vichache vya mashine iliyopo, kwa kusudi la kuiwezesha kufanya kazi ambayo awali haikuimudu, au kuifanya kwa muda mfupi zaidi, huku sehemu kubwa ya mashine hiyo ikibaki ileile. Kipengele cha mwisho cha fasili hii ndicho kinachosahauliwa mara nyingi. Mtu anayenunua prosesa mpya, akalazimika kubadilisha ubao mama kwa sababu prosesa hiyo haiingii katika ule wa zamani, kisha akanunua na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa sababu ubao mpya haupokei RAM aliyokuwa nayo, kwa hakika hajaboresha kompyuta yake, bali amenunua nyingine kwa mafungu, na huenda ametumia fedha nyingi kuliko bei ya mashine nzima iliyotumika.

Katika maduka na karakana za Kariakoo jijini Dar es Salaam, au za barabara ya Luthuli jijini Nairobi, neno linalosikika zaidi ni kuapgredi. Lugha ya maandishi imependelea kuboresha, kitenzi kinachotokana na bora na chenye maana ya kukifanya kitu kiwe kizuri zaidi ya kilivyokuwa. Istilahi hii inapaswa kutenganishwa na majirani zake. Kukarabati ni kurudisha kilichoharibika katika hali yake ya kwanza, ambapo kuboresha ni kuvuka hali hiyo. Kupandisha hadhi kunafaa zahanati inapofanywa kituo cha afya, kwa kuwa huko kinachobadilika kwanza ni daraja linalotambuliwa kisheria, jambo lisilo na nafasi katika mashine. Kusasisha nako, neno lililoundwa kutokana na sasa na ambalo kila mwenye simu hulikuta katika menyu, kunahusu kuweka toleo jipya la programu, wala hakuhitaji bisibisi.

Mpaka kati ya kusasisha na kuboresha una uzito wa kifedha, kwa kuwa programu iliyosasishwa huweza kuongeza mzigo juu ya mashine kiasi cha kuzaa haja ya uboreshaji, na uboreshaji wenyewe wakati mwingine hauwezekani kabla ya usasishaji kutangulia. Mfano wa hali ya pili ni mbao mama za AMD zenye soketi ya AM4, iliyoingia sokoni mwaka 2016, ambazo nyingi zinaweza kubeba hata prosesa za Ryzen 5000 zilizotoka mwaka 2020, lakini sharti BIOS, yaani programu ya msingi iliyohifadhiwa ndani ya ubao, isasishwe kwanza. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji huo ubao unaweza kufa kabisa, kwa hiyo fundi makini huunganisha mashine na UPS, yaani kifaa cha umeme wa akiba, kabla ya kuanza.

Udhaifu wa neno kuboresha ni kwamba halisemi lenyewe ubora huo ni wa nini. Kuongeza kadi ya picha katika kompyuta ya karani anayeandika barua na kujaza majedwali ni kuboresha kwa maana ya kamusi, ilhali karani huyo hataona tofauti yoyote. Kwa hiyo istilahi hii hukamilika pale tu inapofuatwa na kazi mahususi na kiungo mahususi, na hapo ndipo lilipo suala zima la kupanga matumizi ya fedha chache.

Msingi wa kinadharia wa mpango huo uliwekwa mwaka 1967 na mhandisi wa Kimarekani Gene Amdahl, alipokuwa akijadili manufaa ya kutumia prosesa nyingi katika kompyuta moja. Hoja yake, inayojulikana hadi leo kama kanuni ya Amdahl, ni kwamba faida ya kuongeza kasi ya sehemu moja ya mfumo huwekewa mpaka na kiasi cha muda ambao sehemu hiyo hutumika. Ichukuliwe kazi inayochukua sekunde 100, ambazo 70 kati yake ni za kuisubiri diski na 30 ni za prosesa. Prosesa yenye kasi maradufu itapunguza zile sekunde 30 hadi 15, na kazi nzima itamalizika kwa sekunde 85. Lakini diski yenye kasi mara tano itazishusha zile 70 hadi 14, na kazi itamalizika kwa sekunde 44. Kiungo kinachozisubirisha sehemu nyingine namna hii kinaweza kuitwa kikwazo, na uboreshaji wenye tija ni ule unaoanzia kwake.

Kikwazo hupimwa, hakikisiwi. Katika Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha asilimia ya matumizi ya prosesa, RAM na diski, na inatosha kuliacha wazi wakati kazi ya kawaida ya siku inaendelea. Hali inayoonekana mara nyingi katika mashine za zamani ni diski iliyofika asilimia 100 huku prosesa ikiwa haijafika hata 20. Hata hivyo usomaji huo unahitaji tahadhari, kwa sababu RAM inapojaa, Windows huanza kuhamishia diskini sehemu ya yale yaliyomo, na hivyo diski huonekana ndiyo mkosaji wakati kasoro halisi ni upungufu wa RAM. Safu za diski na RAM husomwa pamoja: diski ikielemewa huku RAM ikiwa na nafasi, tatizo ni diski; zote mbili zikijaa, RAM ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, au zote kwa pamoja ikiwa fedha zinatosha.

Sababu ya diski ngumu kuwa kikwazo ni ya kimaumbile. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 8.3, na kichwa cha kusomea husubiri kwa wastani nusu ya mzunguko huo kabla data inayotakiwa haijafika chini yake, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Jumla yake ni zaidi ya milisekunde 10 kwa kila ombi, na kuwasha kompyuta ni maelfu ya maombi madogomadogo yaliyotawanyika. SSD, ambayo ni diski inayohifadhi data katika chipu na isiyo na sehemu inayozunguka, hujibu ombi kama hilo kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Hakuna kiungo kingine ambacho kwa bei ndogo kama hiyo huleta badiliko kubwa kama hili, na hukumu hiyo inaihusu karibu kila mashine ambayo bado inategemea diski ya kuzunguka.

Uwezekano wa kubadilisha viungo kimoja kimoja ni urithi wa usanifu wa IBM PC ya mwaka 1981, iliyotoka ikiwa na nafasi tano za kuchomeka kadi, na wa kiwango cha ATX ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995 ili mbao mama, makasha na vifaa vya umeme vya watengenezaji mbalimbali vioane. Lugha ya kila siku huufunika muundo huo kidogo, kwa kuwa watumiaji wengi huliita kasha zima sipiyu, jina ambalo kwa haki yake ni la prosesa peke yake, na anayemwambia fundi abadilishe sipiyu anaweza kueleweka kwa namna mbili zenye gharama tofauti kabisa.

Tena si kila kasha hufuata kiwango. Dell OptiPlex 9020, iliyotoka mwaka 2013 na inayopatikana kwa wingi katika maduka ya kompyuta zilizotumika, ina ubao unaopokea umeme kupitia plagi ya pini 8 badala ya ile ya pini 24 ya ATX, kwa hiyo pawasaplai (kifaa cha umeme) yenye nguvu zaidi haichomekwi bila adapta, na kadi ya picha inayoifaa ni ile inayotosheka na wati 75 ambazo nafasi ya kadi inaweza kutoa. Soketi yake ni LGA 1150, na ubao huo hupokea prosesa za Intel za kizazi cha nne tu. Aliyeikuta na Core i5-4570 akaiwekea Core i7-4790 atabaki na viini vinne vilevile vya kuchakata. RAM yake ni ya DDR3, yenye pini 240, na kipande cha DDR4 chenye pini 288 hakiingii hata kikilazimishwa, maana pengo lake limekatwa mahali tofauti. Anayeinunulia RAM anafaa kufungua kasha kwanza ahesabu nafasi zilizo tupu, kwa sababu duka litamuuzia vipande viwili vidogo kwa urahisi uleule litakaomuuzia kimoja kikubwa, na vile viwili vinaweza kuziba njia ya nyongeza ya baadaye.

Juu ya mipaka hiyo ya vyuma upo mpaka wa programu. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa jumla prosesa za kuanzia kizazi cha nane, jambo linaloiacha nje OptiPlex 9020 hata ikijazwa RAM. Mashine hiyo bado inaweza kutumika kwa Linux, ambayo haina masharti hayo, lakini fedha za kuiboresha zinapaswa kupimwa kwa kigezo kimoja zaidi, yaani kama kiungo kinachonunuliwa kitaweza kuhamia katika mashine itakayofuata. SSD ya SATA itahama, kwa kuwa mashine nyingi mpya za mezani bado zina nafasi yake. RAM ya DDR3 haitahama, wala prosesa ya LGA 1150. Mwenye bajeti finyu anunue SSD kwanza, aongeze RAM kwa kiasi ambacho kipimo kimeonyesha kuwa kinahitajika, na fedha za prosesa aziweke akiba kwa ajili ya mashine nyingine.