Mpango wa Masomo ya Uzamili: Funzo kutoka Shamba la Ufipa

Wanafunzi wengi wanaoingia katika shahada ya uzamili yenye kuunganisha taaluma mbalimbali huanza kwa swali hili: nichague masomo gani? Swali hilo ni la pili. La kwanza ni: nataka kutatua tatizo gani, na ni tatizo la nani? Historia yetu yenyewe inathibitisha jambo hilo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Elimu tuliyorithi ilikuwa imegawanywa vipande vipande, kila mtaalamu na chake. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, mkutano ulikaa kujadili wajibu wa chuo hicho katika Tanzania ya kijamaa. Katika mjadala huo ilikomaa hoja kwamba mwanasheria, mwalimu na mwanasayansi wote wanapaswa kuielewa jamii wanayoitumikia. Lilifuata somo la pamoja, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuwa na ukinzani ndani yake. Somo la pamoja likiwekwa pembeni ya fani, mwanafunzi huweza kulifaulu kisha akarudi katika fani yake bila kubadilika. Kurundika masomo si kuyaunganisha.

Tazama uwanda wa juu wa Ufipa. Tangu zamani mkulima wa huko alifukia majani chini ya udongo, akafanya vilima viitwavyo intumba. Majani yakishaoza, vilima hutawanywa na kupandwa ulezi. Jembe lake nalo lilitokana na malungu, yaani tanuri ndefu za udongo zilizoyeyusha chuma bila mivukuto, hewa ikiingia yenyewe kwa matundu ya chini. Tanuri lilihitaji mkaa, na mkaa ulihitaji miti. Basi udongo, chuma, msitu na mgawanyo wa kazi ni jambo moja, wala hakuna fani moja inayoweza kulieleza.

Upande mwingine tunao mfano wa Uluguru. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Wataalamu walipima mteremko, lakini hawakupima nguvukazi ya familia wala uhusiano wa watu na ardhi yao. Mwaka 1955 wananchi walikataa, na ghasia zikazuka. Elimu ya upande mmoja iligeuka amri, na aliyeumia ni mkulima.

Kwa hiyo mpango wa masomo ufuate utaratibu. Kwanza, tatizo liandikwe kwa sentensi moja. Pili, yachaguliwe masomo machache ambayo kila moja linajibu sehemu ya tatizo hilo. Tatu, mbinu za utafiti zisomwe mapema, kabla ya kwenda vijijini. Nne, iwepo semina ambamo fani zote zinakutana juu ya tatizo lile lile. Tasnifu ije mwisho, kama mavuno ya kazi hiyo.

Ndugu mwanafunzi, ukishaandika mpango wako, pitia somo moja baada ya jingine na uliulize litamsaidia nini mkulima wa Sumbawanga. Lisilo na jibu liondoe.