Alipewa Tuzo, Akanyimwa Kiti

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Juma hili nataka tumzungumzie mwanamke aliyecheza kwao, akatuzwa, lakini usiku ule ule wa kutuzwa akawekwa kando. Jina lake ni Hattie McDaniel, mwigizaji wa jukwaani na wa sinema wa Marekani.

Ilikuwa Februari 29, 1940, katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles. Hoteli hiyo ilikuwa haipokei watu weusi. David Selznick, mtayarishaji wa filamu ya Gone with the Wind, ilimbidi aombe ruhusa maalumu ili mwigizaji wake aingie ukumbini. Wenzake wa filamu ile walikaa pamoja. Yeye akawekewa meza ndogo kule ukutani. Jina lake lilipoitwa, alitoka huko ukutani, akapita katikati ya meza za wakubwa, akapokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata. Akashukuru huku machozi yakimlengalenga.

Tuzo hiyo aliipata kwa kuigiza mtumwa, yaya aitwaye Mammy, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, nilimhukumu mama huyu kwa neno moja tu: kibaraka. Nilimwona katika filamu akikaza kamba za vazi la bibi yake, nikadhani nimeshamjua. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimezeeka kidogo mbele ya kipaza sauti, nilisoma maisha yake, nikaona haya.

Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, mwaka 1893, kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani, na baba yake alipigana upande wa Kaskazini katika vita vilivyoukomesha utumwa huo. Hattie alikulia Denver, akapanda jukwaani akiwa bado msichana, akazunguka na vikundi vya maigizo na muziki, kimojawapo kikiwa cha kaka yake Otis. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulipoporomoka, kundi alilokuwa akisafiri nalo lilivunjika. Akajikuta Milwaukee, anahudumia wateja chooni katika kilabu cha usiku. Siku moja akapewa nafasi ya kuimba, na kuanzia hapo akawa mwimbaji wa kilabu hicho.

Mwaka 1931 alihamia Los Angeles. Kazi za sinema zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo alipika na kufanya usafi katika nyumba za watu. Yaani, ndugu msikilizaji, kabla ya kulipwa kwa kuigiza mtumishi, alikuwa mtumishi kweli. Inasimuliwa kwamba walipomlaumu, alijibu kuwa ni afadhali alipwe mamia kwa kuigiza mtumishi kuliko alipwe vijisenti kwa kuwa mtumishi.

Waliomlaumu walikuwa na hoja. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwasihi wenye kampuni za filamu waache kuwaonyesha weusi kama watumwa na wapumbavu. Alisema kweli. Lakini tujiulize: kalamu ya kuandika michezo hiyo ilikuwa mkononi mwa nani?

Hata sisi watu wa redio hatuna pa kujificha. Kulikuwa na mchezo wa redio wa mtumishi mweusi aitwaye Beulah. Sauti ya mwanamke huyo mweusi ilitolewa na mwanamume wa kizungu, Marlin Hurt, na alipofariki mwaka 1946 akafuata mzungu mwingine. Ni mwaka 1947 ndipo Hattie alipokabidhiwa nafasi hiyo, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mchezo wa redio uliosikika Marekani nzima. Alikuwa bado mtumishi, ila walau sauti ilikuwa ya mwenyewe.

Nje ya uigizaji hakuinamishwa kichwa na mtu. Majirani wazungu walimshtaki yeye na wenzake weusi ili waondolewe katika nyumba zao mtaani Sugar Hill, kwa sababu hati za viwanja zilikataza weusi kukaa hapo. Hattie na wenzake walisimama kidete, na Desemba 1945 wakashinda kesi. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kuwa masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote nchini humo.

Alifariki Oktoba 26, 1952, kwa saratani ya matiti. Alikuwa ameomba azikwe katika makaburi ya Hollywood. Wenye makaburi wakakataa, maana yalikuwa ya wazungu, akazikwa Rosedale. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, nayo ikapotea. Jiwe la kumbukumbu pale Hollywood alikuja kuwekewa mwaka 1999, na mwaka 2023 Howard ikapewa tuzo nyingine badala ya ile iliyopotea. Mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, aliipokea mwaka 1991, miaka 51 baada ya usiku ule wa meza ya ukutani.

Ni rahisi kumlaumu mchezaji na kumsahau mwenye ngoma. Mimi nilifanya hivyo, na leo naomba radhi kwa marehemu. Ukiiona filamu ile, usimtazame tu binti anayekazwa vazi. Mtazame na anayekaza, kisha ujiulize alitoka wapi hadi kufika pale.