Kituo cha Bweranyange, 1861–1862

Tarehe 25 Novemba 1861 msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, uliwasili Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe. Hawakuja kumtazama Rumanyika. Shabaha yao ilikuwa chanzo cha mto Naili, nayo njia ilipita Buganda. Na kwa kuwa mgeni hakuweza kuingia Buganda pasipo idhini ya Kabaka Mutesa, iliwabidi wangoje. Kwao Karagwe ilikuwa kituo tu, mahali pa kupumzisha wapagazi na kumtazamia mjumbe. Speke alikaa hapo wiki sita na siku chache, akaondoka tarehe 10 Januari 1862. Grant, ambaye mguu wake ulishikwa na donda baya, aliachwa nyuma.

Nchi waliyoifikia ilikuwa na dola yake ya zamani. Katika vilima vile, ambavyo leo vimegawanyika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Bweranyange upande mmoja na Rubwera upande wa pili, nasaba ya Wahinda ilikuwa imewatawala Wanyambo kwa karne kadhaa. Kafuro, si mbali na ikulu, Waarabu walikuwa na kituo chao cha biashara ya pembe. Basi si ajabu kwamba Mukama alipowalaki wageni wake aliwaamkia kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, kama alivyoshuhudia Speke mwenyewe. Jambo hili lastahili kukumbukwa na wale wadhanio kuwa lugha hii ilifika magharibi ya ziwa pamoja na madaftari ya shule.

Rumanyika aliutumia muda ule vizuri kuliko wageni wake. Aliuliza kama jua lichwalo leo ndilo lichalo kesho, au kila siku huzaliwa jua jipya. Akauliza pia habari za mwezi na nyuso zake. Naye aliwaeleza jinsi alivyoupata ufalme: baba yake Ndagara alipofariki, wana waligombana, ikaletwa ngoma ndogo yenye dawa ambayo asiye mrithi wa haki hakuweza kuiinua, naye Rumanyika akaiinua kwa kidole kimoja. Hata hivyo ngoma haikutosha kumnyamazisha nduguye Rogero; bunduki za wafanyabiashara, kwa msaada wa Musa Mzuri, Mhindi aliyekaa Unyanyembe, ndizo zilizomaliza ubishi. Ni haki kusema kwamba Speke aliyaandika yote mawili, ngoma na bunduki.

Siku nyingine aliwinda vifaru, akapima latitudo, na siku moja akampima shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa hata asiweze kusimama: mkono, kifua, paja na muundi, vyote kwa futi na inchi. Msomaji na ajiulize ni mwenyeji gani wa London angalivumilia mgeni wa namna hii nyumbani mwake. Rumanyika alivumilia.

Ila makosa yaliyotoka katika kituo kile yalikuwa makubwa kuliko utovu huo wa adabu. Ndani ya nyumba ya Mukama Speke aliona ng'ombe wadogo wa chuma, akaviandika kuwa vitu vya kuchezea alivyofanyiziwa mfalme na Waarabu wa Kafuro. Stanley, aliyepita mwaka 1876, aliona hazina hiyo kwa wingi zaidi. Wataalamu wa baadaye wametambua kwamba ng'ombe hao, pamoja na nyundo za chuma, ni alama za enzi, katika nchi ambayo uhunzi na ufalme vilikuwa ndugu. Kuuliza swali moja tu kungalitosha.

Kosa la pili lilikwenda mbali. Kutoka vilima vya Karagwe Speke aliona vilele vilivyochongoka upande wa Rwanda, akaambiwa habari za Mfumbiro, akauchora katika ramani yake. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule ule uliokata shauri la Zanzibar na Heligoland, uliutaja mlima huo kwa jina: hata ukionekana kusini ya mstari, mpaka upindwe ili mlima ubaki kwa Mwingereza. Waliotia sahihi hawakuwa wameuona. Baadaye ilidhihirika kwamba hapakuwa na mlima mmoja bali safu nzima ya volkano, na ugomvi wa mpaka, ambao Wabelgiji nao waliuingia, ulimalizwa Brussels mwaka 1910.

La tatu ndilo zito. Kwa kuangalia nyuso za jamaa ya mfalme, Speke aliamua kwamba Wahima hawakuwa wa asili moja na wakulima wao, bali walitoka Uhabeshi. Akamwambia hivyo Rumanyika, na mwaka 1863 akaitia nadharia hiyo kitabuni. Hakuwa na ushahidi zaidi ya macho yake. Watawala wa kikoloni waliipokea dhana hiyo, wakaijenga, wakaigawa Rwanda kwa hiyo; na mwaka 1994 wauaji walisema kwa vinywa vyao kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto. Maiti zilichukuliwa na Kagera, mto ule ule upitao kando ya Karagwe, hata ziwani.

Grant alibaki kibandani na mguu wake. Kwa kuwa hakuweza kwenda popote, aliutazama ulimwengu uliopita mlangoni. Kitabu chake cha mwaka 1864 ni cha upole zaidi, na mimea aliyokusanya safarini ilishughulisha wataalamu wa London kwa miaka. Katikati ya Aprili 1862 alichukuliwa kwa machela kuelekea Buganda. Tarehe 28 Julai, Speke aliposimama mahali ambapo ziwa humwaga maji yake katika Naili, Grant hakuwapo.