Trela la kusafiria lililotumika

Trela la kusafiria ni nyumba ndogo ya magurudumu isiyo na injini, inayovutwa na gari na kutumiwa kwa likizo au makazi ya muda. Limeenea sana Marekani, ambako viwanda vingi viko Elkhart na maeneo jirani, jimboni Indiana. Trela jipya hupoteza thamani haraka katika miaka ya kwanza. Kwa hiyo anayefikiria kuliuza tena baadaye mara nyingi hununua lililokwisha kutumika, hasara hiyo ikiwa imeshabebwa na mwingine.

Adui mkubwa wa thamani ni maji. Matrela mengi yana fremu ya mbao ndani ya kuta. Mvua ikipenya kwenye viungo vya paa au pembe za madirisha, mbao huoza huku ukuta ukionekana safi. Mnunuzi makini hukanyaga sakafu kwenye pembe zote kuona kama inabonyea, hufungua makabati na kunusa ukungu, kisha hutazama ukuta wa nje kwa kuukabili mwanga. Ukuta wa fibaglasi uliovimba umeachana na plaiwudi yake. Kuutengeneza ni ghali, na mnunuzi ajaye atauona uvimbe huohuo. Rangi mpya mahali pamoja tu ni ya kutiliwa shaka.

Tairi huzeeka hata likiwa limeegeshwa. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hati ya umiliki isiyo na deni, yenye namba ileile iliyo kwenye chasisi, ni ya lazima. Baada ya kimbunga Katrina (2005) serikali iliwapa waathirika matrela ambayo mengi yalikutwa na gesi ya fomaldehaidi kwa wingi. Baadaye yaliuzwa kwa mnada kwa sharti yasitumike kama makazi, lakini baadhi yalikaliwa na watu tena.

Airstream, yaliyoanzishwa na Wally Byam miaka ya 1930, hushika bei kuliko mengi kwa sababu ya bodi ya alumini iliyopigwa ribiti. (Mnamo 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela hayo kutoka Cape Town hadi Cairo.) Hata hivyo, ya zamani yana sakafu ya plaiwudi, nayo huoza chini ya alumini inayong'aa.