Kutoka Kaniki Hadi Kanga

Mavazi ni sehemu ya utamaduni wa kila taifa. Humsitiri mtu, humkinga na jua na baridi, na zaidi ya hayo humtambulisha yeye ni nani mbele ya wenzake. Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya jamii hana budi kuuliza watu wake walivaa nini, na tena ni nani aliyekatazwa kuvaa nini.

Wanafunzi wetu wanapoulizwa vazi letu la asili ni lipi, wengi hujibu mara moja: kanga. Jibu hilo lina ukweli, lakini sababu inayotolewa, kwamba kanga tumerithi kutoka kwa mababu wa kale, si sahihi. Kanga ilizuka pwani yetu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kwa muda mrefu kitambaa chake kilifumwa na kupigwa chapa katika nchi za mbali. Wahenga walisema: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Je, kanga ni nguo ya kuazima? Katika insha hii tutajaribu kulijibu swali hilo.

Kwanza tuiondoe dhana moja iliyoenezwa wakati wa ukoloni, kwamba kabla ya kuja wageni watu wetu hawakujua nguo. Huko Kilwa Kisiwani wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vidogo vya udongo vilivyotumika kusokotea nyuzi. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hadi Misri. Wafipa walilima pamba na kufuma nguo nzito katika mitambo yao wenyewe. Buhaya na Buganda watu walivaa magome ya miti yaliyopondwa kwa nyundo za mti mpaka yakalainika, na kwingineko walivaa ngozi zilizotengenezwa kwa ustadi.

Ufundi huu ulidhoofishwa na biashara. Mwaka 1833 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za mji wa Salem zikaleta shehena za nguo ya pamba isiyotiwa rangi, imara na ya bei nafuu, ambayo watu waliiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Nguo hii ikawa kama fedha. Kipande cha mikono minne kiliitwa shuka, na shuka mbili zilifanya doti moja. Kwa doti misafara iliyoelekea Unyanyembe na Ujiji ililipa hongo, ikanunua chakula na kupata pembe za ndovu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipopunguza shehena hizo, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zilichukua nafasi yake.

Tusisahau jambo moja lenye uchungu. Pamba ya merikani ililimwa kwa jasho la Waafrika waliokuwa watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Nguo yake ikavuka bahari, ikafika Unguja na Pemba, na huko ikavikwa watumwa wengine waliochuma karafuu katika mashamba ya matajiri.

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa nchi ambayo cheo cha mtu kilisomwa katika nguo zake. Tajiri alivaa kanzu, joho na kilemba, akachomeka jambia kiunoni. Mabibi wa nyumba kubwa walivaa hariri, na baadhi yao walifunika nyuso kwa barakoa. Mtumwa wa shamba alipata kipande cha merikani tu. Mwanamke mtumwa alijifunga merikani au kaniki, yaani nguo iliyochovywa katika nili hata ikawa nyeusi, akaifunga chini ya makwapa, mabega yakiwa wazi. Kwa desturi ya wakati huo watumwa walikwenda miguu mitupu na vichwa wazi. Kichwa kilichofunikwa kilikuwa alama ya uungwana.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hata hivyo, sheria peke yake haikumfanya jirani amheshimu aliyekuwa mtumwa jana. Wengi wa watu hao walihamia mjini, hasa mtaa wa Ng'ambo, wakaanza maisha mapya kwa kazi za mikono yao. Mwanamke aliyeachwa huru alipopata fedha kidogo, moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kuiacha kaniki.

Hapo ndipo kanga ilipozaliwa. Wanawake walinunua leso za rangi, ambazo jina lake lina asili ya Kireno, wakazishona pamoja mpaka zikawa nguo moja pana. Merikani nayo ilipigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa nakshi. Inasemekana kwamba madoadoa ya nakshi za kwanza yalifanana na manyoya ya ndege kanga, na jina likashika. Mombasa jina la leso limedumu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kanga ilivaliwa jozi: upande mmoja kiunoni au kifuani, na wa pili kichwani na mabegani. Yule aliyenyimwa kufunika kichwa sasa alikifunika kwa hiari yake, kwa nguo aliyoinunua mwenyewe.

Wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, waliona faida wakaagiza kanga kutoka viwanda vya Uholanzi na Uingereza, na baadaye Bara Hindi na Japani. Lakini viwanda havikuamua nakshi peke yao. Mitindo ilibadilika upesi, na mfanyabiashara asiyesikiliza wateja wake alibaki na marobota ya nguo zisizonunuliwa. Kisha kanga, yenye pindo na mji wake, ikaongezwa jina: maneno yaliyoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini. Mwanamke akaweza kusema kwa nguo, "Wema hauozi", na aliyekusudiwa akaelewa bila ugomvi.

Baada ya uhuru Serikali ya Tanganyika iliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na pamba ya nchini ikageuka kanga na vitenge. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969. Mjadala ule ulikuwa mkali, na mitindo iliyokatazwa haikutoweka. Kanga haikuhitaji azimio lolote. Hakuna mtawala aliyeiamuru, na imeenea kutoka pwani hadi bara. Humpokea mtoto anapozaliwa na hufunika jeneza la marehemu.

Tunaweza sasa kulijibu swali letu. Kitambaa kilitoka ng'ambo, lakini vazi lilitungwa hapa, na waliolitunga ni watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa si kitu. Nguo ya kuazima hurudishwa kwa mwenyewe. Kanga haina mwenyewe mwingine wa kurudishiwa. Basi walimu wanapofundisha utamaduni wetu, wasiisifu kanga kwa uzuri wa rangi zake tu. Wawaeleze wanafunzi pia habari za kaniki, ili wajue uzito wa kile ambacho mama zao hujitanda kila asubuhi.