Kutoka na nyara: kitenzi «kutoka» na jamaa zake katika michezo ya bunduki mtandaoni

Kutoka na nyara (kirai kitenzi). Katika michezo ya video ya bunduki inayochezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni: kuondoka hai katika eneo la mapambano, kwa kupitia njia iliyowekwa, na kubaki na vitu vilivyookotwa humo. Mchezo wa kutoka na nyara (wingi: michezo ya kutoka na nyara): aina ya mchezo ambamo mchezaji hahesabiwi kuwa amepata kitu mpaka atoke nacho.

Utangulizi

Makala haya yamekusudiwa wafasiri, walimu na wanafunzi wanaokutana na michezo hii kazini au darasani. Ugumu wake hautokani na msamiati mgeni peke yake. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoeleza tendo la kuacha mahali, na katika michezo hii kosa dogo la kuchagua kitenzi, au kauli ya kitenzi, laweza kumfanya mchezaji apoteze kila alichobeba. Kwa sababu hiyo tunaeleza kwanza namna mchezo unavyokwenda, kisha tunayapima maneno.

Namna mchezo unavyokwenda

Mchezaji ana bohari yake nje ya uwanja wa mapambano. Humo huweka silaha, risasi, dawa na fedha za mchezo. Kabla ya kuingia uwanjani huchagua atakavyobeba, naye anajua kwamba akiuawa atavipoteza. Akiisha kuingia, hutafuta vitu vya thamani ndani ya majengo, makasha na mifuko ya waliouawa. Humo hukutana na wachezaji wengine wenye nia kama yake, na mara nyingi na maadui wanaoendeshwa na kompyuta. Saa huhesabu kurudi nyuma. Kabla muda haujaisha lazima afike kwenye mojawapo ya njia za kutokea na kusubiri hapo kwa sekunde kadhaa. Akifaulu, alivyookota huingia boharini. Akifa au akichelewa, huvikosa.

Tofauti na michezo ya kubaki wa mwisho ni kubwa. Katika PUBG, iliyopata umaarufu mwaka 2017, wachezaji huanza mikono mitupu na mshindi ni mchezaji mmoja au kikosi kimoja kilichobaki hai. Katika mchezo wa kutoka na nyara hakuna mshindi wa namna hiyo. Wakiingia kumi, wote kumi waweza kutoka, au asitoke hata mmoja. Kila mchezaji hujiwekea kipimo chake: aridhike na kidogo alichonacho na kuelekea njiani, au afungue chumba kimoja zaidi. Methali ya *tamaa mbele, mauti nyuma* yaeleza uamuzi huo kikamilifu, na mwalimu anaweza kuitumia darasani bila kulazimisha.

Kwa kuwa kila mmoja hana budi kupita njiani, njia yenyewe huwa mahali pa hatari. Wapo wasiojisumbua kutafuta vitu. Hujificha karibu na njia ya kutokea na kuwangoja wenye mifuko iliyojaa. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo tangu zamani: *kuvizia*.

Mifano mitatu

*Escape from Tarkov*, iliyoundwa na Battlestate Games ya Saint Petersburg nchini Urusi, ilianza majaribio ya faragha mwaka 2016 na ikatolewa rasmi Novemba 2025. Ndiyo iliyoweka kanuni nyingi zinazoigwa leo. Mchezaji ana kasha dogo salama ambalo vilivyomo havipotei hata akifa. Anaweza pia kukata bima ya silaha zake, lakini bima hiyo hurudisha tu kile kilichoachwa uwanjani. Kilichobebwa na mchezaji mwingine akatoka nacho hakirudi. Njia anazoweza kutumia hutegemea sehemu ya ramani alipoanzia. Muda ukimwishia ndani, huandikiwa kuwa ametoweka, na alivyobeba hupotea kama vya aliyeuawa.

*Tom Clancy's The Division*, ya Ubisoft, ilitolewa Machi 2016. Katika sehemu moja ya Manhattan iliyowekewa karantini, vitu vinavyookotwa vina maambukizi na haviwezi kutumika mpaka vitolewe kusafishwa. Mchezaji hufyatua risasi ya mwanga kuiita helikopta, na mwanga huo huwajulisha waliopo karibu kwamba kuna mzigo. Helikopta ikifika huteremsha kamba, naye hufunga mzigo wake hapo. Hapa kuna jambo linalotuhusu sana: mzigo huenda, mchezaji hubaki.

*Hunt: Showdown*, ya Crytek ya Frankfurt, ilitolewa rasmi Agosti 2019 baada ya kipindi cha majaribio ya wazi kilichoanza mwaka 2018. Hapo mwanzoni matukio yake yaliwekwa Louisiana, Marekani, mwaka 1895. Wawindaji hufuata dalili mpaka kwenye maficho ya zimwi, hulitoa uhai, kisha huchukua zawadi na kukimbilia njia ya kutokea. Anayebeba zawadi huonekana alipo kwenye ramani za wapinzani wake. Mwindaji akifa, kwa kawaida hupotea kabisa pamoja na zana zake, na mchezaji hulazimika kuajiri mwindaji mwingine.

Kupima vitenzi

Neno la Kiingereza linalotumika kwa tendo hili lina asili ya Kilatini, nalo hueleza kuvuta kitu mpaka nje. Kwa sababu hiyo Waingereza hulitumia kwa jino, kwa madini, kwa mafuta ya mbegu na kwa askari anayeondolewa mahali pa hatari. Kiswahili hakikuyaweka mambo hayo chini ya kitenzi kimoja: jino *hung'olewa*, madini *huchimbwa*, mafuta *hukamuliwa*. Mfasiri anayechukua tafsiri ya kwanza ya kamusi ataandika *uchimbaji* au *uziduaji*, na msomaji ataelewa kwamba mchezo unahusu migodi.

*Kutoka.* Ndicho kitenzi cha msingi. Mtendaji anaondoka kwa miguu yake na kwa hiari yake. Chafaa pale mchezaji mwenyewe anapoondoka, kama katika Escape from Tarkov na Hunt: Showdown. Kiunganishi *na* huongeza maana inayohitajika: *ametoka* ni habari ya mtu, *ametoka na nyara* ni habari ya mtu na vitu vyake.

*Kutolewa.* Hapa ndipo penye mtego. Kwa sarufi tupu, *umetolewa* yaweza kuonekana tafsiri sahihi ya taarifa kwamba mchezaji amechukuliwa na helikopta akapelekwa salama. Lakini katika lugha ya michezo, *kutolewa* ni kushindwa: timu iliyotolewa kwenye mashindano imeaga mashindano, na mchezaji wa mpira aliyetolewa kwa kadi nyekundu hana sifa. Mchezaji wa mchezo wa video akisoma *Umetolewa* ataamini amepoteza. Taarifa ya ushindi itakuwa imegeuzwa kuwa ya kushindwa kwa kauli ya kutendwa peke yake.

*Kutokea.* Kauli ya kutendea ya *kutoka* huonyesha mahali: *mlango wa kutokea*, *njia ya kutokea*. Hata hivyo kitenzi hicho kina maana nyingine ya kuzuka au kuonekana ghafla. *Mahali pa kutokea* paweza kueleweka kuwa ndipo mchezaji anapozuka mwanzoni, yaani kinyume cha kilichokusudiwa. Tunashauri *njia ya kutokea* kwa mwisho wa safari na *mahali pa kuanzia* kwa mwanzo wake.

*Kuopoa.* Hutumika kwa kitu kilichozama au kilicho hatarini, kinachotolewa na mwingine kwa juhudi. Katika taarifa za habari husikika kwamba mwili umeopolewa ziwani au gari limeopolewa mtoni. Kinachoopolewa hakijitoi chenyewe. Kwa hiyo kitenzi hiki hakimfai mchezaji anayekimbilia njia ya kutokea, bali chafaa mno kwa mzigo wa The Division unaoning'inia kwenye kamba ya helikopta: *mzigo umeopolewa*.

*Kutoroka.* Hudokeza kuwapo kwa mwenye mamlaka anayekimbiwa: mfungwa hutoroka gereza, askari hutoroka jeshi. Jina la Escape from Tarkov lina maana hiyo, kwa kuwa hadithi yake ni ya mji uliofungwa. Pamoja na hayo, kitenzi hiki hakifai kwa tendo la kila safari, kwani aghalabu hubeba lawama.

*Kunusurika.* Hueleza matokeo bila kueleza njia. Chafaa kwenye ukurasa wa mwisho wa safari, kikilinganishwa na *ameuawa* na *ametoweka*. *Kuokoka* kina maana iliyo karibu, lakini matumizi yake ya kidini yamekita mizizi kiasi kwamba wasomaji wengi wataisikia maana hiyo kwanza.

Kosa lenye gharama kubwa

Programu nyingi za Kiswahili hutumia neno *Toka* kwenye kitufe cha kufunga programu au kuondoka kwenye akaunti. Neno hilohilo likitumika kwa tendo la kutoka na nyara, mchezaji huwa na amri mbili zenye jina moja na matokeo yanayopingana. Katika Escape from Tarkov, anayeacha safari katikati asirejee hupoteza alivyobeba. Mchezaji mgeni aliyeambiwa kwenye maelekezo «tafuta nyara kisha utoke», akaona kitufe cha *Toka* kwenye orodha ya mipangilio, akakibonyeza, atakuwa ametii Kiswahili alichosoma na kupoteza kila kitu. Lawama si yake.

Tunapendekeza mgawanyo huu ufuatwe katika matini moja tangu mwanzo hadi mwisho:

- Kutoka na nyara: kuondoka uwanjani kwa njia ya kutokea.
- Kuacha safari: kuondoka uwanjani bila kupita njia ya kutokea.
- Kufunga mchezo: kuzima programu yenyewe.
- Kuopoa mzigo: kuondoa vitu uwanjani, mchezaji akibaki.

Katika matini ndefu, kirai *kutoka na nyara* chaweza kufupishwa kuwa *kutoka*, mradi kitenzi hicho kisitumike kwa vifungo vya programu.

Nyara, mali na safari

*Nyara* ni vitu vilivyotekwa vitani au vilivyopatikana kwa nguvu. Ngeli yake ni I-/ZI-. *Mali* ni kile kinachomilikiwa. Tofauti hiyo yaendana na kanuni ya mchezo: kilichomo mfukoni uwanjani ni nyara, na huwa mali kikifika boharini. Mfasiri anayeandika *mali zako* kwa vitu ambavyo mchezaji bado hajatoka navyo humpa hakikisho ambalo mchezo haumpi.

Kwa kipindi kimoja cha kuingia na kutoka tumetumia *safari*. *Uvamizi* hudokeza kwamba kuna mwenyeji anayevamiwa, na *raundi* hudokeza kwamba wote huanza upya wakiwa sawa, jambo lisilo kweli hapa. Safari ina kuondoka nyumbani, kubeba masurufu na kurejea, nayo haihesabiwi kuwa njema mpaka msafiri afike. Methali yasema *kwenda mbio si kufika*.

Mifano ya matumizi

- *Alitoka na nyara zote ila bastola, aliyoitupa ili apunguze uzito.*
- *Wenzangu wawili waliuawa hatua chache kutoka njia ya kutokea. Palikuwa na mviziaji kichakani.*
- *Mzigo uliopolewa salama, lakini aliyeufunga alipigwa risasi kabla helikopta haijapaa.*
- *Usiache safari sasa. Subiri saa ifike sifuri ndipo ufunge mchezo.*

Sentensi ya mwisho ni sahihi kisarufi lakini ni ushauri mbaya: saa ya safari ikifika sifuri mchezaji akiwa bado ndani, ametoweka. Tumeiweka makusudi iwe zoezi. Mwanafunzi aisahihishe bila kubadili zaidi ya maneno matano, kisha aeleze ni saa ipi anayoizungumzia: ya safari nzima, au ya kusubiri kwenye njia ya kutokea.

Tazama pia: bohari, kunusuru, kuvizia, masurufu, opoa, toa, toka, toroka.