Tundu la Kiberiti Garini

Kila chombo atumiacho mwanadamu kina nasaba yake. Ukiingia katika gari, ewe msomaji, huenda ukaona mbele, karibu na goti la dereva, kitundu cha mviringo chenye kifuniko kidogo. Watu hukitumia kutilia umeme simu zao na vyombo vya kuonyeshea njia. Lakini hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Kilizaliwa kiwe kiberiti cha sigara. Historia yake yafaa kusomwa, kwa kuwa yatufundisha jinsi kitu cha kale kinavyopewa kazi mpya, na hatari inayokuja kazi hiyo izidipo nguvu zake.

Magari ya kwanza yalikuwa maskini wa umeme. Injini iliamshwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, kazi iliyovunja mikono ya madereva wengi. Katika magari ya mwaka wa 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitia mtambo wa umeme wa kuamshia injini, uliobuniwa na Charles Kettering. Mtambo huo ulihitaji betri kubwa na mashine ya kuijaza. Tangu hapo gari likawa na ghala la umeme, na penye ghala hapakosi wageni. Zilikuja taa, zikaja honi, na katika miaka ya 1920 kikaja kiberiti cha umeme. Kilikuwa kipande kidogo chenye waya uliosokotwa. Kikisukumwa ndani ya kitundu, waya ulishika moto hata ukawa mwekundu. Kiberiti cha namna hiyo hula kiasi cha ampea 10, lakini kwa sekunde chache tu, kisha hupumzika.

Wakati huo magari hayakuwa na kanuni moja. Mengi yalikuwa na betri za volti 6, na katika miaka ya 1950 ndipo volti 12 zilipoenea. Tena magari mengi ya Uingereza, hata miaka ya 1960, yalifunga upande chanya wa betri kwenye bodi la chuma, ambapo wengine walifunga upande hasi. Chombo kilichofaa katika gari moja kiliweza kuungua katika jingine. Baadaye magari madogo yalikubaliana juu ya volti 12 na bodi hasi, na kitundu kikawa mlango uliojulikana karibu ulimwengu mzima.

Wakati magari yalipokuwa yakihamia volti 12, jambo jingine lilitokea angani. Tarehe 4 Oktoba, 1957, Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wataalamu wawili, William Guier na George Weiffenbach, walisikiliza mlio wake. Waliona kwamba mlio ulibadilika kadiri setilaiti ilivyowakaribia na kuwaacha, kama honi ya gari linalokupita njiani. Kwa mabadiliko hayo waliweza kujua setilaiti ilipita wapi. Mwaka wa 1958 mkubwa wao, Frank McClure, aligeuza swali: ikiwa njia ya setilaiti yajulikana, je, msikilizaji hawezi kujua yeye mwenyewe yuko wapi? Kutokana na swali hilo zilipatikana setilaiti za Transit, zilizoongoza manowari za Marekani. Mwaka wa 1973 ulianza mpango mkubwa zaidi, uitwao GPS, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa mwaka wa 1978.

Mpango huo ulikuwa wa kijeshi. Tarehe 1 Septemba, 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini iliacha njia yake, ikaingia katika anga ya Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 wakafa. Hapo Rais Ronald Reagan wa Marekani alitangaza kwamba GPS itakapokuwa tayari, raia nao wataitumia. Hata hivyo mawimbi ya raia yalitiwa kosa kwa makusudi, na kosa hilo liliweza kufika mita 100. Kwa dereva mjini, mita 100 ni barabara nyingine kabisa. Kosa hilo liliondolewa mwezi wa Mei, mwaka wa 2000, na katika miaka iliyofuata vyombo vidogo vya kuonyeshea njia vikajaa madukani.

Chombo hicho husikiliza setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200. Hulinganisha saa za setilaiti nne au zaidi, na kwa tofauti ndogo za wakati hupima umbali wa kila moja. Kazi hiyo haina mapumziko, wala betri yake ndogo haimalizi safari ndefu. Ilihitaji mlango wa umeme, na mlango wenyewe ulikuwapo tayari: tundu la kiberiti.

Lakini tundu lilikuwa moja, na wahitaji wakawa wengi. Wako waliounganisha soketi tatu au nne kwenye waya ule ule. Methali yasema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nao hawakuuliza waya ule wabeba nini. Fyuzi ilipokatika, baadhi yao waliifunga kwa kipande cha waya mnene. Fikiri, msomaji, maana ya tendo hilo. Fyuzi imewekwa ikatike kabla waya haujaungua. Ukiiondoa, na waya ukagusa bodi, betri humwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya huwa mwekundu, na gari zima limegeuzwa kiberiti.

Fundi mwangalifu hufanya vingine. Hufungua kwanza upande hasi wa betri. Huvuta waya mpya unaolingana na mzigo, akautia fyuzi yake karibu na betri, ili waya wote ulindwe. Upitapo katika tundu la bati huuvika mpira usichubuke. Huunganisha waya wa kurudi kwenye chuma safi cha bodi, na huhakikisha kwamba ufunguo ukizimwa, soketi nayo imezimika, gari lisikute betri tupu asubuhi.

Basi nawe utarithi vitu vingi vilivyotengenezwa na watu ambao hawakukujua wala hawakuyajua mahitaji yako. Si kosa kuvipa kazi mpya. Ila kabla ya kuongeza mzigo, uliza kwanza kitu hicho kilifanywa kubeba nini. Na kama hakitoshi, kijengee mwenzake, usikivunje kinga yake.